Babu Akataa Kupanda Kinyala

Natangaza rasmi, kwa wakazi wote wa Wilaya ya Rungwe, kwamba elimu ya kupandisha pikapu kwenye utelezi ina mtaalamu mmoja tu, naye ni mimi, Asukile, wa kidato cha tatu, mkazi wa bweni. Sijawahi kushika usukani. Hata baiskeli ilinishinda.

Pikapu ilikuwa ya baba mdogo Nsajigwa. Aliinunua serikali ilipofungulia watu binafsi biashara na kila mwenye viazi akajiona tajiri mtarajiwa. Ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na nyuma yenyewe ni nyepesi, kwa hiyo masika aliweka magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli. Kwa magunia hayo alipanda kila mlima, kisha akatusimulia mezani kama mtu aliyegawanya bahari.

Jumapili moja, nikiwa likizo kwake Kawetele, niliumwaga mchanga nyuma ya banda la nguruwe, nikajaza magunia majani makavu ya migomba na kuyashona vizuri. Jumanne angekwenda Isongole kuchukua viazi. Nilitaka akwame mara moja tu, tule chakula kimoja kwa utulivu.

Jumatatu babu, baba yake, akafariki hospitalini Tukuyu. Mvua ikausomba mchanga wangu. Jumanne pikapu ikabeba jeneza.

Babu alikuwa azikwe kwake Kinyala, juu mlimani. Shangazi Ikupa, binti yake wa pekee, alikaa nyuma ya pikapu kando ya jeneza, ameushika msalaba. Wiki zote tatu za ugonjwa alikuwa Kasumulu, mpakani, kwenye biashara ya vitenge. Alifika babu ameshafunikwa shuka. Tangu hapo hakuwa amekula kitu.

Chini ya mlima baba mdogo akasimamisha gari. "Wanaume shukeni mtembee. Mchanga unatosha."

Gari likapanda hatua kumi, mkia ukayumba, likarudi taratibu hadi mtaroni. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu tope lilimrukia mchungaji mpaka kwenye kola. Hakuna aliyecheka. Mimi nusura, Mungu anisamehe.

Mzee Anyelwisye, mdogo wake babu, akainua fimbo. "Nsajigwa, acha kukanyaga mafuta. Kaka anakataa."

"Baba, ni utelezi."

"Utelezi gani? Wiki jana ulipanda hapa gari tupu, mvua inanyesha, magunia yale yale. Kilabu kizima ulikitangazia."

Baba mdogo akainamia usukani. Alikuwa amejisifu mno.

"Yuko mtu hapa ambaye marehemu ana neno naye," mzee akasema.

Macho yote yakaenda kwa shangazi.

"Wazee wangu, imani yetu..." mchungaji alianza.

"Mchungaji, jifute kwanza tope," mtu akamkatiza.

"Gwe Ikupa." Sauti ya mzee haikuwa ya ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Aliita jina lako mpaka mwisho. Shuka, mwanangu. Rudi Tukuyu. Tutakuzikia baba yako, apande kwa amani."

Shangazi hakubisha. Aliinama, akalaza shavu juu ya jeneza. "Tata, nisamehe. Nilidhani utanisubiri." Kisha akavua viatu, akashuka, akaanza kuteremka.

Nilikuwa na hoja zangu tayari: magari hukwama kila siku, babu hatajua, wataniua. Shuleni mwalimu wa zamu akiuliza nani kafanya, bweni zima hukaa kimya, na kimya hicho tunakiita ujasiri. Pale mlimani nilikaa kimya peke yangu, na hakikufanana na ujasiri hata kidogo.

"Asukile!" Baba mdogo aliita. "Lete gunia moja tumwage mchanga chini ya matairi. Tujaribu mara ya mwisho."

Wanaume wawili wakasogea kunisaidia, maana gunia lile halikuwa la mtu mmoja. "Nitaweza," nikasema haraka, nikitaka wasiliguse. Nikalivuta. Likaja kama mto wa kulalia.

Baba mdogo akalitazama gunia, akanitazama, akachomoa kisu na kukata uzi. Jani moja kavu likaanguka matopeni.

"Asukile," akasema polepole.

Shangazi alikuwa karibu kufika konani, viatu mkononi, hajageuka hata mara moja. Nikakimbia na gunia langu, nikianguka na kuinuka.

"Shangazi! Babu hajakataa! Ni mimi! Niliumwaga mchanga, nikajaza majani ya migomba. Nilitaka baba mdogo akwame. Ni mimi tu, shangazi. Rudi ukamzike."

Akasimama. Nikamwekea gunia mikononi, alipime mwenyewe. Alilipima kwa muda mrefu.

"Sema tena," akasema, "kwa sauti, wasikie kule juu."

Nikasema tena.