Mwizi Aliyeacha Nguo

Sururu ya Hussein iligonga bati saa nne asubuhi, wakati mimi nikimfokea mume wangu. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Filemon alikuwa ameketi barazani na blanketi mapajani, akigonga sakafu kwa fimbo aliyoishika kwa mkono wa kushoto, ko, ko, ko, kama alivyofanya tangu fundi alipofika, na mimi nilikuwa nimechoshwa.

"Baba Gladys," nilimwambia, "hata ukiivunja hiyo fimbo, chumba kitajengwa."

Ndipo ardhi ikalia, na fimbo ikanyamaza.

Hussein alipiga magoti ndani ya shimo, akafukua kwa vidole. Ni fundi wa mjini, mtu mzima mwenye wajukuu, na sijawahi kumwona akiharakisha jambo. Sasa alinigeukia macho yakimng'aa, akashusha sauti.

"Mama, ni sanduku. Hii itakuwa mali ya Mjerumani. Tumeula!"

Hapa kwetu mtu hachimbi hata choo bila kuitumaini mali ya Mjerumani. Inasemekana waliifukia mlimani walipokimbia vita, na wapo watu wenye akili timamu waliouza ng'ombe wakanunua ramani za kuitafutia. Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka, nikakusanya gauni langu, nikashuka ngazi kwenda kuutazama utajiri wangu.

Chumba chenyewe kilikuwa wazo la binti yetu Gladys. Yeye anaishi Dar es Salaam, amefungua duka la nguo tangu biashara ilipoachiwa huru, na kule Mbezi, karibu na bahari, alimkuta mteja wake mmoja ameizungushia baraza vioo. Mtu anaketi humo anaona kila kitu, na upepo wa chumvi haumgusi. Gladys alinitumia picha. Kwetu Old Moshi hakuna chumvi, lakini kuna ukungu wa Juni unaoingia mpaka kwenye mifupa, na ukungu huo ulikuwa unaniulia mume.

Kiharusi kilimpata mwaka juzi, kikachukua upande wake wa kulia pamoja na ulimi wake. Hakikuchukua ubishi wake. Ilikuwa lazima aketi barazani, kutoka chai ya asubuhi mpaka giza, uso kwenye mlima. Ukimwingiza ndani hali chakula. Ukimwacha nje anakohoa. Kichomi kilikwisha kumlaza hospitali mara mbili, na daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba cha tatu hatakiweza. Kwa hiyo Gladys aliponiuliza, "Mama, tujenge?" sikumpa nafasi ya kurudia. Vioo vilitoka Kenya kwa njia ya Tarakea, vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na Hussein alivipandisha mpaka kwetu bila hata kimoja kupata ufa. Vilikuwa vimeegemezwa ukutani, mlima ukionekana ndani yake vipande vipande.

Si kwamba Filemon hakujua. Mara ya kwanza Gladys alipolitaja jambo hili, baba yake alikuwa bado anasema.

"Jengeni nyuma," alisema.

"Nyuma kuna zizi," nilimjibu. "Unataka tuzeeke tukinusa mkojo wa ng'ombe?"

"Jengeni nyuma, Mama Gladys." Akainuka, akaenda zake migombani, na nikahesabu hilo katika ukaidi wake mwingine.

Shida ilikuwa sale. Hatua nne mbele ya baraza lilisimama sale moja refu, na mchoro wa Gladys ulipita juu yake. Mmea huu kwetu haupuuzwi. Hupandwa mpakani, hupandwa penye makaburi, na jani lake likifungwa fundo hupelekwa kwa mtu uliyemkosea. Akishapelekewa, hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hilo la kwetu Filemon alikuwa ameniambia ni mpaka wa zamani, wa kabla baba yake hajamgawia kaka yake Eliona upande wa chini wa kihamba, shamba letu la ukoo. Nilimwamini. Mipaka imehamahama sana mlimani, na kila boma lina masale yaliyobaki yamesimama peke yake, yakilinda kitu ambacho hakipo tena. Jana yake jioni nilimwambia Hussein alikate. Alilikata alfajiri, akalirundika kando ya ngazi, kisha akaanza kuchimba msingi.

Basi nilifika kwenye shimo nikiwa bado natabasamu. Hussein alifuta tope kwa kiganja. Turubai lililokuwa limelizunguka sanduku lilikuwa limeoza na kubaki nyuzi, bati limeliwa na kutu pembeni, lakini mfuniko ulikuwa mzima. Juu ya mfuniko palikuwa na matundu madogo yaliyotobolewa kwa msumari, yamejipanga. Hussein aliyasoma kwa sauti, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"F, I, L..."

Sikumngoja amalize. Nililijua sanduku lile kabla hajaitamka ya pili. Nikajikuta nimekaa juu ya udongo.

Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa nimemcheka mume wangu kwa ajili ya sanduku hilo.

Mwaka 1962, nikiwa na miaka ishirini, nilijifungua katika hospitali moja ya mjini. Mtoto hakulia. Walimfunika, wakamtoa nje upesi, sikumwona hata unyayo. Mama mkwe aliniinamia akaniambia, "Mwanangu, mtoto asiyelia haliliwi. Usiulize." Ndivyo ilivyokuwa desturi, na waliokuwa wakubwa kwangu waliamini kwamba wananihurumia. Sikuuliza. Filemon aliniambia jambo moja tu, kwamba watu wa hospitali wameshashughulikia maziko, kisha akaondoka na sanduku letu la nguo.

Siku ya tatu alikuja kunichukua. Nguo zangu zilikuwa zimefungwa ndani ya kanga.

"Sanduku liko wapi?"

"Limeibiwa stendi."

"Na nguo je?"

Akatazama chini. "Nguo waliziacha."

Nilimtazama mtu yule mzima, amesimama kando ya kitanda na furushi lake, akiniambia kwamba wezi wa Moshi wamezitoa nguo moja moja, wakazikunja, wakaenda na sanduku tupu. Nikacheka. Nilicheka mpaka mishono ikaniuma. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu siku ile, na yeye alinitazama kwa mshangao, akatabasamu kidogo.

Kuanzia hapo hadithi ikawa mali yangu. Niliisimulia Krismasi, niliisimulia kwenye harusi, pombe ya mbege ikizunguka. "Mume wangu ndiye mtu pekee aliyeibiwa na mwizi mstaarabu!" Watu walikufa kwa kucheka. Filemon alicheka pamoja nao, kila mara, kisha akabeba kiti chake akatoka barazani. Mimi nilidhani anakwenda kuutazama mlima. Hata siku ambazo ukungu ulifunika mpaka migomba ya uani na mlima haukuonekana, alitoka.

Hussein alikuwa ameinua ncha ya sururu kwenye kufuli.

"Usifungue!" Sauti iliyonitoka sikuitambua.

"Mama Gladys, tuangalie tu..."

"Ni mwanangu."

Aliganda. Akaniangalia mimi, akaliangalia sanduku, akamwangalia mzee barazani, na nikaona uso wake ukibadilika alipopima kwa macho urefu wa lile bati. Aliishusha sururu taratibu, akailaza ardhini. "Inna lillahi," alisema kwa sauti ya chini. Akatoka shimoni akikwepa kulikanyaga, akaenda kusimama kwenye kona ya nyumba, mgongo kwetu.

Niliweka kiganja juu ya mfuniko. Ulikuwa baridi. Nilikuwa nikisubiri machozi, lakini kilichopanda kilikuwa hasira, hasira ambayo sikuwa nimeionja tangu nizaliwe, na ilinisimamisha wima, ikanipandisha ngazi na tope langu mpaka mbele ya kiti chake.

"Ulikuwa na mahali pa kwenda!" nilimwambia. "Miaka yote hii wewe ulikuwa na mahali pa kwenda! Unaketi naye kila jioni, mimi niko jikoni nakuita uje ule, ndizi zinapoa. Nimefagia hapo, Filemon. Nimeanika kahawa hapo. Nimemwaga maji ya vyombo hapo!"

Sikuwa nimemwita Filemon tangu Gladys azaliwe. Na hata jina hilo la Mama Gladys, ambalo kanisa zima na soko zima huniita, lilinigeuka kichwani nikiwa nimesimama pale, kwa kuwa Gladys si wa kwanza.

"Na uliniacha nicheke," nilisema. "Uliniacha nicheke mbele za watu."

Mdomo wake ulihangaika upande mmoja. Hakuna neno lililotoka, na safari hii sikumhurumia. Kimya cha kiharusi kilikuwa cha miaka miwili tu. Hicho kingine alikichagua mwenyewe, akiwa na ulimi wake mzima.

Aliiacha fimbo ikaanguka. Akainama upande wa ngazi, akainama mno, blanketi likateleza, nikadhani ataanguka, na bado sikusogea. Mkono wa kushoto ulipapasa kwenye lile rundo, ukavuta jani moja la sale, refu, lingali na umande. Alinyooka akihema. Akaliweka jani mapajani, akajaribu kulikunja.

Jani la kuombea radhi hufungwa fundo. Mkono mmoja haufungi fundo. Alilibana kwa goti, likateleza. Akaushika mwisho mmoja kwa meno, akazungusha mwingine kwa vidole, likafunguka. Akaanza upya. Mate yalimtiririka kidevuni, na macho yake hayakuniacha.

Nami nilikuwa namtazama mtu huyu kana kwamba nimekutana naye asubuhi hiyo. Nilimwona akiwa kijana, mbele ya wauguzi, akiwaomba wampe kile ambacho wanaume wa hapa hawakuwa wakikiomba. Nilimwona akizitoa nguo zangu moja moja na kuzikunja. Nilimwona akipanda mlima kwa miguu, maana nani angepanda basi na mzigo ule, akiwa amelibeba sanduku kwa mikono miwili. Na siku mbili baadaye, mke wake aliyekuwa amelala bila kusema akacheka, kwa sababu ya uongo mbovu kuliko wote aliowahi kuutunga. Angeurudishaje uongo huo?

Hayo hayakunitoa hasira. Yalikaa nayo pamoja, bega kwa bega, na mimi katikati yake.

"Mama," Hussein aliita kutoka kwenye kona, bila kugeuka. "Samahani. Kamba ya msingi niihamishie wapi?"

"Ngoja," nilimjibu. "Ngoja kwanza."

Niliokota fimbo, nikamrudishia mkononi. Nikavuta kigoda, nikaketi mahali ambapo sikuwahi kuketi, ubavuni pake, uso kwenye shimo. Kweli, ukikaa hapo hulazimiki kuinua kichwa. Macho yanatua yenyewe pale shimoni.

"Alikuwa wa kiume?" niliuliza.

Filemon hakusogea.

Nikamgeukia. "Wa kike?"

Fimbo iligonga sakafu, mara moja.

Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Alikohoa, nikampandishia blanketi mpaka kifuani, maana mikono ilijua kazi yake hata kama moyo haujui. Kisha fimbo akailaza, akalichukua tena lile jani, akatia meno, akazungusha, likateleza. Akazungusha, likateleza.

Nilinyoosha mkono, nikaishika ncha ya pili.