Bastola ya Mjomba Ignace

Oktoba 2012, wiki moja kabla ya mitihani, mtafiti mmoja alimsimamisha Denise kwenye ngazi za maktaba ya chuo, Braamfontein, akamwomba ajaze fomu. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi: unalala saa ngapi, unakunywa pombe mara ngapi kwa wiki. Kisha likaja jingine: ukitaka bunduki leo, unaweza kuipata?

Kalamu ikasita. Mjomba wake Ignace, mlinzi wa maduka, alikuwa akirudi na bastola ya kazi nyumbani kwao, mtaa wa La Rochelle, na kuiweka kabatini, chini ya mashati. Kabati halikuwa na kufuli. Na ndani ya nyumba hiyo alikuwamo Alexis, mdogo wake Denise, aliyefeli hesabu mara mbili chuoni hapo hapo, akaacha kuhudhuria masomo, akaanza kunywa tangu asubuhi. Juzi alikuwa amempa jirani gitaa lake, bure.

Denise aliiacha fomu pale pale. Alimpigia Alexis simu mara nne, haikupokewa. Teksi, basi dogo la abiria, ilichelewa kujaa, kisha kila roboti, yaani taa ya barabarani, ikawa nyekundu. Alikuwa akijigeuza kitini hivi na hivi, mpaka mama wa pembeni akamuuliza kama anaumwa.

Alimkuta Alexis jikoni, simu iko mezani mbele yake.

"Mbona hupokei?"

"Nimechoka, yaya." Ndivyo wadogo wanavyowaita dada zao wakubwa kwao Bukavu.

Denise hakuzunguka. "Alexis, unataka kujiua?"

Kijana alitazama sakafu. "Asubuhi niliishika ile ya mjomba. Nikairudisha. Sijui kwa nini."

Denise alimshika mkono, akamtoa nje hadi ukingoni mwa barabara, akampigia Ignace, aliyekuwa sokoni siku yake ya mapumziko. Mjomba alifika akihema, akasikiliza, akapandisha sauti.

"Mnataka nifukuzwe kazi, wakijua ilikuwa haifungiwi?"

"Ofisini kwenu kuna sanduku la chuma, mjomba. Iwe inalala huko."

"Kila siku nipitie mjini kwanza? Saa nzima!"

"Ndiyo. Kila siku."

"Mjomba," Alexis alisema polepole, "iondoe. Naomba."

Ignace alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Aliingia ndani, akatoka na begi lake la kazini, akaelekea kituo cha teksi na malapa miguuni.

Kesho yake Denise alimpeleka Alexis kwa mshauri wa wanafunzi, akakaa kwenye korido kwa saa mbili, akisimama kila mlango ulipofunguliwa. Alexis hakufanya mitihani mwaka ule. Alirudia mwaka. Kuna wiki alirudi kwenye pombe, kuna wiki aliiacha, ila kwa mshauri hakukosa kwenda.

Bastola haikulala tena nyumbani. Denise, hata hivyo, hajatulia. Alexis akikawia bafuni, yeye huyo mlangoni, anagonga.

"Eish, yaya! Naoga!"

"Sawa," Denise hujibu, na bado husimama pale mpaka asikie maji.