Mzee Venuste Ahama Kiti

Habari hii nilipewa na Eliane, binti wa jirani yangu Georgette, Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani na kukaa kuchambua maharage. Mama yake alikuwepo. Kila jina lake lilipotajwa alisema, "Mwongo wewe," lakini hakuondoka, na fasi Eliane aliposahau, yeye mwenyewe alimkumbusha. Basi mimi nikaiamini yote.

Georgette, ambaye hapa Juru tunamwita Mama Ulrich kwa jina la kijana wake wa kwanza, ni mtu wa jembe. Alitoka Kivu ya Kusini na watoto wawili, mmoja mgongoni, na tangu wamwandike mkimbizi pale Kabazana hajawahi kumwambia jirani "nisaidie". Kiberiti kikiisha, heri alale bila moto kuliko kubisha mlango wa mtu. Hata Mungu hamwombi kitu. Anapiga magoti, anashukuru, anasimama. "Mungu ana watu mingi wanaomlilia," husema. "Mimi nina mikono."

Sasa Ulrich alikuwa amempenda Doriane, msichana wa Kirundi wa kijiji cha pili, na Doriane naye alimpenda mpaka kwenye kucha. Siku ya posa ikapangwa Jumamosi. Baba wa Ulrich alishafariki, wajomba walibaki Kongo, basi mama akasema, "Nimelea peke yangu, nitasema peke yangu. Huyu mtoto wangu, huyu mtoto wenu, yamekwisha. Kuna ugumu gani?"

Ijumaa akaenda Mbarara kununua soda na kitenge. Mbele ya soko, karibu na wauza ndizi, alimkuta mzee ameketi chini, mguu mmoja ameunyoosha mbele, umekauka kama ukuni, kofia yake iko chini imetazama juu. Kila aliyepita alipewa neno lake. Askari alipopita, mzee akasema, "Afande, kwa viatu hivyo mwizi atasimama ajiangalie uso, ndipo umkamate." Watu wakacheka, wakatupia kofia walichonacho.

Akamwona Georgette na kreti kichwani. "Mama mwenye shingo ya kubebea watu wawili, hebu angalia na huku!"

Georgette akasimama. "Mzee, mguu umekufa, sawa. Na mikono nayo imekufa? Kwetu mwenye mikono anasuka hata kikapu. Huna aibu?"

"Aibu nilikuwa nayo, mama," mzee akajibu. "Nimekaa nayo miaka, haikuniletea hata kiazi."

Wauza ndizi walicheka mpaka wakashika magoti. Georgette akaondoka amenuna.

Jioni akapanda gari ya Kabanda, ile pikapu inayobeba watu na mizigo kurudi kambini Nakivale. Na nani anachechemea kuja nyuma yake? Yule yule mzee. Kumbe naye ni wa huku huku Juru, upande mwingine, jina lake Venuste, na Kabanda humrudisha kila Ijumaa. Mzee alijaribu kupanda, akateleza. Akajaribu tena, akateleza. "Nyabo, mama, tunachelewa!" Kabanda akapiga kelele mbele. Georgette akapumua kwa hasira, akamshika mzee makwapani, akamvuta juu kama gunia.

Barabara ilikuwa mbaya, na kila shimo mzee aliuma meno. Georgette akakunja gunia lake tupu. "Mtu mzima hivi! Inua mguu. Na mdomo mtamu namna hii! Weka hapa, juu ya gunia. Kwa nini hufanyi kazi?"

"Ninafanya, mama. Jaribu siku moja kumsimamisha mtu mwenye haraka."

Walipofika Kabingo, Venuste akanunua hindi la kuchoma, akalivunja, akampa nusu. "Mimi sili kitu cha kuomba," Georgette akasema. Mzee akala nusu zote mbili, polepole, akimwangalia.

Jumamosi nyumbani kwa kina Doriane turubai lilitandazwa juu ya miti, viti vikapangwa pande mbili zinazotazamana. Georgette alivaa kitenge kipya. Alipoinua macho akamwona Venuste katikati ya majirani wa bibi harusi.

"Hata hapa amefuata sahani!" akamnong'oneza Eliane.

Kisha akasimama, akasema yake kama alivyoahidi: mtoto wangu, mtoto wenu, yamekwisha. Akakaa.

Mzee Cassien, baba mkubwa wa Doriane, akainuka na koti lake, akakohoa. "Karibuni sana, mama. Tumefurahi. Lakini msichana mnayemtaja, hapa hatuna. Pengine mmepotea njia."

Georgette akamkodolea macho. Hatuna? Na lile jicho moja la Doriane linalochungulia dirishani ni la nani? Hakujua, maskini, kwamba kwa Warundi mwenye binti lazima akatae, na akatae tena, ili aonekane nani anamtaka kweli. Alilosikia yeye ni hapana, na tangu azaliwe hakuwahi kungojea hapana ya pili.

"Basi, aksanti," akasema. "Sisi si watu wa kulialia. Ulrich, beba kreti. Twende."

Ulrich akageuka rangi. Ndani ya nyumba sahani ikaanguka, msichana akapiga ukelele. Cassien mwenyewe alibaki mdomo wazi, kwa maana katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kuikubali hapana yake! Kuwaita warudi hakuweza. Mzee hamezi neno lake kabla ya kubembelezwa. Kama Georgette angetoka tu chini ya lile turubai, harusi ilikuwa imekufa, na kila mtu aliliona hilo isipokuwa yeye.

Hapo Venuste akainuka. Akauburuta mguu wake, akavuka katikati mbele ya watu wote, akaenda kuketi kwenye kiti kitupu kando ya Georgette.

"Venuste!" Cassien akashangaa. "Wewe si wa upande wetu?"

"Nchi nzima tumeihama, Cassien, nishindwe kuhama kiti?"

Kicheko kikalegeza watu. Mzee akamwinamia Georgette. "Kaa, mama. Mtu akikunyima huku amekupa kiti, hajakunyima. Mimi wanaonyima nawajua. Hawakuangalii usoni."

"Basi sema wewe!"

"Sisemi bila kutumwa."

"Nimekutuma. Sema!"

"Hiyo ni amri, mama. Mimi si mtoto wako."

Georgette akamwangalia Ulrich. Amekumbatia kreti kifuani, macho yamejaa maji, mkubwa vile. Neno likapanda, likamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akameza. Likapanda tena.

"Nakuomba," akasema kwa sauti ya mbu.

"Sisikii vizuri, mama. Uzee."

"Nakuomba, mzee Venuste, uniombee huyu msichana!" Safari hii ilisikika mpaka kwa majirani. Wanawake wa upande wa pili wakapiga vigelegele kabla hata ya kuambiwa.

Venuste akasimama, akaiegemea fimbo. "Cassien, nyumba yako ina mlango mmoja, lakini sifa zake zimetoka kwa madirisha yote. Hatukuja kuchukua. Mwenye shamba akigawa mbegu, hapungukiwi, anaongeza mashamba. Tupe mbegu moja."

"Msichana ameenda kuchota maji," Cassien akasema, na sasa macho yake yalikuwa yanacheka.

"Tutamngoja, na maji tutambebea."

"Ni mbali, na njia ina matope."

"Mwangalie Ulrich, amebeba kreti tangu saa ile hajaitua. Msichana wako atamshinda uzito?"

Watu wakapiga makofi. Cassien akainua kidole. "Na huyu mama yake? Mkali kama pilipili. Mtoto wetu ataishi naye vipi?"

Georgette akainamisha kichwa.

"Ni kweli," Venuste akasema. "Jana alinitukana Mbarara mbele ya wauza ndizi. Akanitukana tena garini, kutoka mjini mpaka Kabingo. Lakini huku akinitukana, alinivuta juu kwa mikono yake, na gunia lake akalikunja chini ya mguu wangu. Wengi wamenipa sarafu, Cassien. Hakuna aliyeutazama mguu. Mtu anayekutukana huku anakutandikia, huyo ndiye mama mkwe!"

Cassien akacheka mpaka akatoa kitambaa kujifuta. "Tumeshindwa. Mtoeni msichana." Lakini hakuna aliyekwenda kumtoa, maana Doriane alikuwa ameshatoka mwenyewe, anakimbia, kiatu kimoja kimebaki mlangoni.

Wakala, wakacheza. Jirani mmoja, Marcienne, akamjia Venuste. "Mzee, Jumamosi ijayo na sisi tunakwenda kuposa. Utatusemea?"

"Haendi bure!" Georgette akarukia kabla mzee hajafungua mdomo. "Mtamtumia pikipiki, mtamlisha, na mtamshika mkono vizuri. Kazi ni kazi."

"Lo, mama!" Venuste akasema. "Jana kazi hii ilikuwa aibu."

"Jana kofia ilikuwa chini. Ivae kichwani."

Mzee akaivaa. "Na siku isiyo na posa? Tumbo halina Jumamosi."

"Siku hiyo kwangu kuna ungo na maharage ya kuchambua. Utafanya umeketi, mguu umeunyoosha."

"Unaniamuru au unaniomba?"

Georgette akajikuna shingo. "Nakuomba," akasema, na safari hii halikukwama. Venuste akavunja mkate wake, akampa nusu. Georgette akala.

Giza lilipoingia walimpeleka mzee kwake, akalala na kofia kichwani. Ulrich naye akalala akitabasamu kama mtoto mchanga, na Eliane akalala na viatu vyake. Georgette akapiga magoti kando ya kitanda, akashukuru kama kawaida. Akataka kusimama, kisha akarudi chini.

"Na pia naomba mvua kidogo kwa maharage ya Juru," akasema. "Na magoti yangu yaache kuuma. Naomba Ulrich asichelewe kunipa mjukuu. Na Baba, kama haikusumbui, kiberiti..."

Kumbe alikuwa na mambo mingi. Akaegemeza kichwa kitandani ili ayakumbuke vizuri, na kabla hajafika katikati, usingizi ukamchukua.