Alizeti za Rakuni

Mwaka huu rakuni, wale wanyama wa usiku wenye mikia ya milia, walitoka mashimoni mapema, theluji ikiwa bado haijaisha, na kati ya nyumba zote za barabara yetu wakaichagua yangu.

Uwanjani nyuma tuna mlingoti wa chuma wenye ndoano, na kwenye ndoano kunaning'inia chombo cha mbao cha kulishia ndege. Mume wangu, Norbert, alikiunda mwenyewe mwaka tulipohamia hapa, na hajawahi kupitisha siku bila kukijaza alizeti. Sasa akili zake zinamtoka kidogo kidogo. Jina langu humponyoka, la binti yetu pia. Lakini ndege mwekundu aitwaye kadinali akitua pale, hunigusa mkono na kusema, "Huyo, kaja." Kwa ajili ya neno hilo moja nimepigana na wale wezi umri huu nilio nao.

Nilipaka mlingoti mafuta ya kupikia, wakapanda. Nikachanganya mbegu na pilipili ya unga, maana ndege haiwawashi ila mnyama inamchoma. Nikajichoma macho yangu mwenyewe, nao wakala mpaka punje ya mwisho. Jirani yetu Duane akaja Ijumaa, akitokea kula samaki wa Kwaresima kanisani, na kipande cha bomba la jiko la kuni. Akauvika mlingoti.

"Wakipita hapo, Ardis, nanyoa ndevu."

Jumatatu nilimkuta kwenye sanduku la barua. "Wembe unao, au nikuazime?"

"Usinichokoze, mama. Kiingize chombo ndani kila jioni, asubuhi ukitoe. Wote tunafanya hivyo. Nyinyi wawili tu ndio mmefungua hoteli."

Kazi nyingine hiyo. Nimeshamlisha mtu, nimemwogesha, nimembembeleza ameze vidonge, nimemlaza. Halafu nivae mabuti nikatungue chombo cha ndege. Nilikitungua. Nikakiweka kwenye banda la gari, juu ya mashine ya kukatia nyasi. Asubuhi nikakikuta chini ya mlingoti, kitupu.

Nikajiambia nimesahau kukiingiza. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Siku iliyofuata nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikalia, maana nilikumbuka kabisa nilivyokiweka bandani kwa mikono yangu. Basi na mimi zimeanza kunitoka, nikasema. Sasa nani atamwangalia mwenzake?

Corinne, binti yetu, sikumwambia. Mwezi wa pili baba yake alitoka bila kuaga, akakutwa kituo cha mafuta na nguo za kulalia, masikio yamekuwa meupe kwa baridi. "Akitoka peke yake mara moja tu tena, mama, anakwenda nyumba ya wazee," Corinne alisema. "Sitaki kuja kumzika kwa ubishi wako." Nilikubali, ningesema nini? Nikaweka komeo jipya mlango wa mbele. Mlango mdogo wa kutoka ndani ya nyumba kuingia bandani haukunijia akilini.

Alhamisi usiku ikaanguka theluji nyembamba kama unga uliochekechwa. Asubuhi nikatoka na kikombe cha kahawa kwenda kuokota chombo. Kuzunguka mlingoti kulijaa nyayo za rakuni, zile zinazofanana na viganja vya watoto. Na kutoka mlango wa banda hadi kwenye mlingoti, kwenda na kurudi, kulikuwa na nyayo za mtu, vidole vyote vikionekana. Hakuvaa viatu.

Nikarudi mbio nikafunua blanketi. Norbert alikuwa macho, miguu myekundu, pindo za suruali zimelowa. Nikaleta beseni la maji ya vuguvugu, nikapiga magoti.

"Kwa nini unatoka nje, mzee wangu?"

"Ndoano ilikuwa tupu," akasema. "Mtu kasahau."

"Nimesahau mimi."

"Usijali. Nimeshaweka."

Nilicheka, haki ya Mungu. Nilifurahi kwamba akili zangu ni nzima. Halafu nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nimjue.

Mchana ule ule niliweka komeo mlango wa banda. Jioni akaiona ndoano tupu dirishani, akaenda kuupiga mlango ngumi, akiniita mama yake, akiomba afunguliwe awape ndege chakula. Nikavaa mabuti. Nikakijaza chombo, nikakitundika. Alisimama dirishani akakitazama, akashusha pumzi, akaenda kulala kama mtu aliyemaliza shughuli zake.

Tangu hapo chombo hakiingii ndani. Rakuni wanakula, wanakiangusha, wanagombana. Mimi naamka kabla ya mapambazuko, najaza tena na kukitundika, ili Norbert akifungua macho akikute mahali pake. Mgongo umekataa, magoti yamekataa, na hakuna wa kuyasikiliza. Duane alikuja kuchukua bomba lake, akanitania nimenyoosha mikono. Nikamwambia ndiyo, nimenyoosha.

Jumapili Corinne akaja. Aliona maganda kila mahali na nyasi zilivyochimbwa.

"Mama! Unafuga hawa majambazi sasa?"

"Wacha wale."

"Na baba? Hajatoka tena?"

Norbert alikuwa amekaa kati yetu, miguu imo ndani ya soksi mbili mbili. "Hajatoka," nikasema.

Akaniangalia sana. "Umekonda. Huchoki?"

"Nachoka."

Nilimdanganya mwanangu mchana kweupe, na atakaponiuliza tena nitamdanganya tena. Lakini najua yatakapoishia. Siku nitakayoshindwa kunyanyuka kitandani kujaza kile chombo, sitangoja mtu anigundue. Nitampigia simu mwenyewe, nimwambie aje amchukue baba yake.