Kiti cha Kati

Mume wangu Muhidini ni mtu mwema, na shida ya mtu mwema mwenye gari ni kwamba hana lugha ya kukataa. Noah yetu imebeba mihogo ya shangazi zake, kuku wa jirani, mabati ya msikiti, na mabibo ya kutoka Naliendele anakofanya kazi kwenye mashamba ya korosho. Kila kilichopanda kimeacha kumbukumbu. Ukifungua mlango unapokewa na harufu ya mabibo yaliyochacha, chini kuna maganda ya machungwa ya wiki mbili, soksi za watoto zisizo na jozi, na unga wa salfa uliomwagika tangu msimu wa kupulizia mikorosho. Watoto wangu walishaamini kwamba gari ndilo jalala linalotembea.

Sikukaa kimya, msije mkanifikiria vibaya. Niliwahi kutunga sheria. Nilifunga mfuko wa taka nyuma ya kiti cha dereva, nikatangaza kwamba kila anayeshuka ashuke na chake, na kwamba Ijumaa asubuhi gari linafagiliwa kabla Muhidini hajavaa kanzu. Sheria ile iliishi siku tisa. Siku ya kumi niliukuta mfuko umejaa misumari ya mtu, na mume wangu akaniambia kwa upole kabisa kwamba mwenyewe angeifuata jioni. Hajaifuata mpaka leo.

Basi Jumamosi moja, saa mbili asubuhi, simu ikaita. Alikuwa Mariamu wa Msimbati, mtoto wa Bi Mwanaidi, mdogo wake mama mkwe wangu. Alisema moyo wa mama yake umezidi kuchoka, daktari amewaruhusu wamrudishe nyumbani, na tangu alfajiri analitaja jina moja tu, la dada yake. Akatuomba tusichelewe. Hakueleza zaidi, na hakukuwa na haja.

Mama mkwe wangu, Bi Tabu, tunaishi naye hapa Rahaleo mwaka wa sita sasa. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Nilipomwambia habari ile aliomba maji ya kuoga na kanga yake ya safari, kisha akakaa barazani kwenye mkeka na tasbihi yake kusubiri. Gari la abiria la Msimbati lilikuwa limeshaondoka. Ilikuwa Noah au tusiende.

Nilimwambia Muhidini anipe nusu saa. Mama akipanda gari hukaa kiti cha kati, dirishani, kwa sababu mbele anapata kizunguzungu na nyuma goti lake halikunjiki, na sikutaka aende kumuona mdogo wake akiwa amekalia maganda. Nikaingia na ufagio na beseni. Nikatoa soksi, nikatoa salfa, nikatoa korosho mbichi na kipande cha nyavu ambacho mpaka leo sijui ni cha nani. Nilikuwa nafagia huku nasema peke yangu. Nilipoingiza mkono chini ya kiti cha kati nikavuta kamba ya katani. Ilikuwa na damu iliyokauka, na manyoya mafupi ya rangi ya kahawia.

Nikamuuliza Muhidini ni mbuzi wa nani. Akaangalia barazani alikokaa mama yake, akanisogeza nyuma ya gari, na pale nikajua si mbuzi.

Alikuwa mbwa wa Gideoni, mwenzake wa kazini anayekaa Mtawanya. Mbwa alinaswa na mtego wa waya shambani, mguu ukachanika, na jana jioni Muhidini alimpeleka kwa daktari wa mifugo. Amelala wapi? Kiti cha kati. Ametoa udenda? Muhidini akasema mbwa mwenye maumivu atafanyaje.

Sina ugomvi na mbwa, wala na Gideoni, ambaye alikesha nasi hospitali mwanangu alipougua malaria. Lakini sisi tumelelewa hivyo na tumeshika hivyo: palipolowa udenda wa mbwa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo, ndipo pawe twahara. Na Mama katika hilo hana mchezo. Muhidini akashauri tutandike kitenge twende zetu, kwa kuwa mama haoni na muda umekwisha. Nikamwambia macho hana, lakini sala ni yake, na hatuwezi kumkalisha kwenye najisi kwa sababu tu haioni.

Kuna jambo lililokuwa linanichoma zaidi ya mbwa, nalo sina budi kulisema. Miaka miwili nyuma kaka yake Mama, Mzee Selemani, alifariki hukohuko Msimbati. Siku ile gari lilikuwa limetoka kubeba mbuzi wa akika ya mtoto, naye mbuzi akalikojolea. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamwambia Mama wakati mguu mmoja umeshapanda. Akaushusha. Akasema hapandi mpaka gari zima lioshwe, ndani na nje, mazulia yaanikwe. Tuliosha kwa muda wa karibu saa mbili. Tulipofika Msimbati Mzee Selemani alikuwa ameshazikwa, na dada yake hakumwona uso. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Mimi nimejilaumu kila siku tangu siku ile, mdomo uliponza kichwa, na safari hii nilikata shauri: kiti nitakiosha kama inavyotakiwa, na mdomo nitaufunga.

Muhidini akaleta spana, tukakifungua kiti, tukakiweka juu ya matofali uani maji yapate kutiririka. Nikafukua udongo safi kwenye kona ambako kuku hawafiki, nikauchanganya na maji, nikakipaka kiti chote, nikasugua kwa brashi, nikasuuza. Hiyo moja. Kisha maji matupu, ndoo baada ya ndoo, kila mara nakikamua kwa mikono miwili mpaka maji yaishe kutoka. Mama aliuliza mara moja tu kama bado sana. Nikamjibu kwamba tunamsafishia gari, maana limechafuka. Haukuwa uongo, ila nilijua nimeukaribia.

Ndoo ya mara ya tano ilipojaa bomba likakohoa, likatoa upepo, likakauka. Jikoni nilipata maji ya kupikia, nikayamaliza kwenye mara ya sita. Majirani wote tunakunywa bomba moja, kwa hiyo wao pia walikuwa wamekaukiwa, na kisima kiko mbali. Saa ilikuwa inakimbilia nne. Muhidini akasema kwa sauti ya chini kwamba sita na saba ni jirani, na Mungu anaona maji yamekatika. Nami niliyekuwa namhutubia mume wangu asubuhi nzima, nikakubali. Nikashika upande mmoja wa kiti ili tukirudishe. Nasema ukweli, wakati ule sikumfikiria Mungu wala sala ya mtu, nilifikiria kaburi la Mzee Selemani.

“Sabra,” Mama akaita kutoka barazani.

“Abee, Mama.”

“Mbwa wa nani?”

Muhidini aliachia upande wake wa kiti, nusura univunje vidole. Nilimwangalia anisaidie, naye akaangalia matofali. Nilikuwa na uongo mzuri tu tayari mdomoni. Lakini yule mama alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, uso ameuelekeza kwetu, na nikaona kwamba alikuwa pale muda wote akisikiliza ndoo zinavyomwagwa na kunusa udongo uliolowa. Nikashindwa.

“Wa Gideoni, Mama. Alinaswa na waya, Muhidini akampeleka kwa daktari.”

“Kapona?”

“Wanasema atapona.”

“Alhamdulillahi. Na yeye kiumbe.” Akavuta punje moja ya tasbihi. “Sasa mbona mmeishia sita?”

Nikamwambia maji yamekatika. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele yake, aibu ya mtu aliyekamatwa akimpunja kipofu. Nilingoja aseme hapandi. Nilikuwa tayari kupiga magoti, nimwambie afikirie mdogo wake, adhabu anipe mimi tukirudi.

Hakusema hapandi. Alisema chumbani kwake, nyuma ya mlango, kuna ndoo yake ya udhu. Ndoo ile hatuigusi, hata watoto wanajua. Huijaza mwenyewe kila usiku na kuifunika kwa sahani ya bati, ili adhana isimkute akihangaika na bomba asiloliona. Nikamuuliza adhuhuri atatawadha kwa maji gani.

“Mchanga wa Msimbati haujaisha,” akasema. “Nitatayamamu. Lete.”

Nikaileta. Nikamshika mkono nikamfikisha uani, nikamwekea kiganja juu ya kiti apajue. Alimimina polepole mwenyewe, kuanzia kichwani mwa kiti mpaka chini, mkono wake mwingine ukifuata maji ili asiache mahali. Hakubakiza hata tone. Kisha akaifunika ndoo tupu kwa sahani yake, akatuambia tukaze boliti twende.

Kiti kilikuwa kimelowa chapachapa. Nilitaka kumtandikia nailoni akakataa, akasema amelipia maji yale na atayakalia. Muhidini akashika usukani. Mimi nilikaa karibu na Mama. Tulipoiacha lami, gari likaanza kuyumba kwenye mchanga, akaushika mkono wangu.

“Siku ya Selemani,” akasema, “kojo la mbuzi halina saba. Kopo moja la maji lingetosha, na mimi nilijua.”

Nikamwambia kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyesema.

“Wewe ulisema kweli. Mimi ndiye niliyewaoshesha gari zima. Nilikuwa naogopa, Sabra. Nilikuwa naogopa kumshika kaka yangu akiwa wa baridi. Nikasema, wacha waoshe, wacha waoshe.”

Muhidini akapunguza mwendo. Nilimwona kwenye kioo anajifuta uso kwa mkono wa shati. Mimi nililia waziwazi, sikujificha, kwa sababu miaka miwili mizima tulikuwa tunaishi nyumba moja, kila mtu amebeba mzigo wake chumbani kwake, na kumbe mzigo ni mmoja. Mama alimwambia mwanawe akanyage mafuta, asubuhi haikuwa ya kusikilizana vilio.

Tulifika Bi Mwanaidi akiwa hai. Alikuwa amelazwa kitandani ukumbini, mwepesi, amekwisha, lakini macho yake yalikuwa macho. Mama akamfuata kwa sauti yake, akakaa ukingoni mwa kitanda, wakashikana. Halafu mkono wa mgonjwa ukapapasa kanga ya dada yake kwa nyuma, ukasimama, ukapapasa tena.

“Dada,” akanong’ona, “umejikojolea?”

Mariamu alitaka kumnyamazisha mama yake. Lakini Bi Tabu, mwanamke niliyemwogopa miaka sita, alicheka mpaka kitanda kikatikisika. Akamweleza yote, mbwa, mtego, ndoo, bomba lililokohoa, na mtoto wake aliyetaka kumwibia mara ya saba. Bi Mwanaidi alicheka bila sauti, mabega tu, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni. Mchana Mama alitayamamu kwenye mchanga wa mlangoni, akasali kando ya kitanda kilekile.

Kuhusu gari, sheria zangu zimefufuka, na safari hii si mimi ninayezisimamia. Kila Ijumaa Muhidini anatoa mazulia mwenyewe, anafagia mwenyewe, na mfuko wa taka anaumwaga kabla haujajaa. Kubeba watu na vitu vya watu hajaacha, sikio la mume wangu halijapata dawa hiyo. Mbwa wa Gideoni alipokwenda kufunguliwa bandeji alipanda nyuma kabisa, juu ya turubai, na Mama ndiye aliyekumbusha turubai.

Bi Mwanaidi aliishi siku kumi na moja baada ya hapo. Mama hakurudi Rahaleo hata siku moja kati ya hizo, nguo zake tulimpelekea. Siku mdogo wake alipofariki wanawake waliingia kumwosha, na Mariamu, kwa kumhurumia, akamwambia mama yake mkubwa angeweza kubaki nje. Mama aliomba ashikwe mkono. Aliingia, akakunja mikono ya gauni, akauliza kichwa kiko upande gani.