Namba Kumi na Tisa

Kila siku baada ya sala ya Alasiri baba yangu huita majina. Hukaa kwenye baraza ya nyuma, kikombe cha kahawa pembeni, uso kaelekeza kwenye mitende ya jirani, akaanza: "Saud bin Nassor." Hunyamaza kidogo. "Mcha bin Haji." Hunyamaza tena. Huenda hivyo hivyo mpaka jina la kumi na tisa, Mahrous bin Hamed, na hapo hukaa kimya muda mrefu kuliko pote. Kisha hunywa kahawa yake, ambayo imeshapoa.

Sisi wa nyumbani tulijua ni majina ya wafu. Marehemu mama ndiye aliyetuzoesha: kila jina likitajwa, tunaitikia "Allah yarhamuh," Mungu amrehemu. Nyumba nyingi za watu waliotoka Unguja zina orodha kama hiyo, na hakuna anayeuliza nani alikufa vipi. Nimekua nayo, nikaolewa nikaiacha, nikaachika nikarudi na binti yangu nikaikuta palepale. Nimewaombea rehema watu kumi na tisa kwa zaidi ya miaka arubaini bila ya kumjua hata mmoja.

Mimi ni Fakhriya. Nafundisha maarifa ya jamii kwenye skuli ya wasichana hapa Ibra, Oman, mwaka wa ishirini na mbili huu. Baba, Mzee Amur, naye alikuwa mwalimu, huko shamba Unguja, kabla ya mapinduzi. Alipofika Oman mwanzoni mwa miaka ya sabini nchi ilikuwa inalilia walimu, lakini yeye akaomba kazi ya kugonga muhuri ofisini, na muhuri akaugonga mpaka akastaafu. Nikimwuliza kwa nini, alikuwa akisema chaki inamkohoza. Nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini.

Anayemtazama sasa ni Minda. Jina lake kamili ni Luzviminda. Babake alilishona kwa majina ya sehemu tatu za nchi yao, Ufilipino, ili binti asisahau hata kipande kimoja. Kwao alifundisha skuli miaka kumi na moja kabla hajaja kwetu kufua na kupika. Mwaka wake wa kwanza alijifunza lugha yetu kwa bidii kali, akidhani ni Kiarabu, maana ndiyo aliyoisikia nyumbani kutwa. Siku moja akaenda sokoni peke yake, akamwambia muuza samaki, "Nipe nguru wa vipande, usinipunje," na yule bwana akabaki kumkodolea macho. Alirudi analia. Tulicheka mpaka baba akacheka, na baba si mtu wa kucheka.

Sasa nieleze ugomvi. Novemba, kwa ajili ya sikukuu ya taifa, mudira, mkuu wetu wa skuli, alimchagua binti yangu Alyaa, wa miaka kumi na mmoja, abebe bendera mbele ya wageni. Nisijifanye: jambo hilo nililitaka kuliko kitu chochote mwaka ule. Wapo watu mpaka leo wanaotuita Wazinjibari huku wakibetua midomo, na nilitaka wamwone mwanangu kule juu na bendera ile mikononi. Nikawa namfanyisha mazoezi uani kwa mpini wa ufagio.

"Haigusi ardhi," nikamwambia. "Wewe anguka, yenyewe isianguke."

Nyuma yangu kikombe kilipasuka. Baba alikuwa amesimama, kahawa imemwagikia kanzu.

"Maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Si maneno tu, baba. Kila mwalimu anayasema."

"Mtoto haendi."

"Haendi wapi?"

"Habebi bendera. Si ya hapa, si ya kokote. Nimeshasema."

"Lakini babu!" Alyaa alikaribia kulia. "Wallah banati wote wa darasa washajua! Mudira kashaandika jina yangu!"

"Na alifute."

Mimi nina hasira za karibu, na siku ile zilikuwa karibu zaidi. Nilimwambia baba maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia kwamba mwili wake uko Ibra lakini yeye hajashuka melini bado, kwamba nchi iliyomfukuza anailia na iliyompokea anaionea haya. Aliingia chumbani kwake, akarejesha mlango taratibu. Siku tatu mimi na yeye ilikuwa shikamoo na marahaba, basi.

Mudira alitaka jibu langu Alhamisi, kama Alyaa atabeba au la. Jumatano mchana nilikuwa sebuleni nasahihisha madaftari, dirisha la barazani liko wazi. Baba alikuwa ametolewa mtoto wa jicho wiki mbili nyuma, na Minda alikuwa akimtia dawa.

"Usifumbe, Babu. Daktari wetu angekugombeza."

"Daktari gani?"

"Shujaa wa nchi yetu. Yeye daktari wa macho. Mama yake alikuwa haoni, yeye akasoma Ulaya, akarudi, akampasua macho, mama akaona."

"Ndiyo akawa shujaa?"

"Hapana. Akawa shujaa kwa kuwa aliandika maovu ya Wahispania waliotutawala, na wao wakamuua." Alimfuta baba machozi ya dawa kwa pamba. "Kwetu ni sheria, kila skuli lazima ifundishe maisha yake. Mimi nimeyafundisha miaka kumi na moja."

Akamhadithia. Kiswahili cha Minda kinachechemea hapa na pale, lakini kusimulia anajua. Alimweleza jinsi Daktari alivyopelekwa uhamishoni kwenye kijimji cha mbali, miaka minne. Jinsi alivyoshtakiwa kwa uasi ambao hakuuanzisha. Jinsi walivyomtoa asubuhi moja ya Desemba, mwaka 1896, ana miaka thelathini na mitano tu. Walimsimamisha awape mgongo askari, kama msaliti. Risasi zilipolia akajipindua, akaanguka uso juu.

Nilidhani baba amesinzia.

"Nani alimfundisha huyo?" akauliza.

"Mama yake. Ndiye mwalimu wake wa kwanza. Kusoma, dua, kila kitu."

"Basi mama huyo aliishi vipi baada ya hapo?"

Minda alifunga kichupa cha dawa. "Aliishi miaka kumi na minne. Aliishi vipi, hatufundishi."

"Mngelifundisha hilo."

"Babu, nikwambie kweli. Mimi ile siku ya kufa nilikuwa naifanya fupi. Wakubwa wangu hawakupenda. Mimi nilikuwa nakaa sana kule uhamishoni. Kule Daktari alifungua skuli ya watoto. Akawafundisha kuogelea, kulima, akatengeneza ramani ya kisiwa kwa udongo, kubwa, uwanjani, ipo mpaka leo. Nilikuwa nawapeleka watoto wangu nje, na wao wafinyange nchi yao kwa udongo. Nawaambia, nchi inawataka nyinyi wazima."

Muadhini akaadhini Alasiri, baba akasali, na Minda akamletea kahawa. Kisha baba akaanza kama desturi.

"Saud bin Nassor."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kuomba rehema pale dirishani. Minda akaniwahi.

"Nipo, maalim."

Kalamu ilinitoka mkononi. Baba aligeuka kwenye kiti.

"Umesema nini?"

"Nimesema nipo." Minda aliweka birika la kahawa chini. "Nisamehe, Babu. Miaka sita nasikia. Mtu anayeombea wafu hangoji. Wewe unangoja. Ni mwalimu tu anayengoja hivyo."

Miaka ishirini na mbili, kila asubuhi, naita majina darasani. Nangoja muda uleule hasa, wa mtoto kuinua kichwa na kujibu, halafu natia alama. Na rejista ya baba yangu mzazi sikuitambua. Namba saba, Hashil bin Khalfan, yuko hai, anauza vipuri vya magari mjini Sur, nimekula pilau ya harusi ya bintiye. Nilidhani ni Hashil mwingine. Nimekuwa nikimwombea rehema ya wafu mzee wa watu anayepumua, na baba kanyamaza, kaniacha.

"Darasa la nne," baba akasema. Alisema polepole, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. "Desemba ya sitini na tatu tulipata uhuru, tukaletewa bendera mpya, nyekundu, ina karafuu mbili katikati. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, kichwa kimejaa nchi. Nikawafundisha: haigusi ardhi. Wewe anguka, yenyewe isianguke. Nikawafundisha kuikunja mara nne. Bendera yenyewe haikudumu hata miezi miwili. Jumamosi ile ya Januari nilikuwa na haraka ya kwenda mjini, kulikuwa na tamasha, nikasahau kuishusha. Usiku wake yakawa yaliyokuwa. Jumatatu bado iko juu, na watu wanawindana. Mahrous akachopoka kwao akaenda kuishusha, wasije wakaidondosha chini. Miaka kumi na mmoja. Nani aliyempiga sijui, na sikutaka kujua. Mimi ndiye niliyemkuta, chini ya mlingoti. Alikuwa ameshaikunja, Fakhriya. Mara nne, kama nilivyomwonyesha."

Alinitaja bila ya kugeuka. Kumbe muda wote alijua niko dirishani.

Nilitoka nikapiga magoti, nikambusu mkono, nikalia. Sifichi. Nililia kwa ajili ya mtoto yule, na kwa kile nilichomwambia baba siku tatu nyuma, na kwa maneno yaleyale yaliyokuwa tayari kichwani mwa binti yangu, mimi nimeyatia.

"Nisamehe, baba."

"Hukujua."

"Darasani walikuwa kumi na tisa?"

"Walikuwa thelathini na moja," akasema. "Sijaweza kumpita."

Nilimwambia nitampigia mudira simu jioni ileile, Alyaa habebi kitu. Nilimaanisha. Minda ndiye aliyetikisa kichwa.

"Aende," akasema. "Lakini wewe maalim umfundishe, si mama yake. Wewe unajua ambalo sisi hatujui."

Baba alimtazama Minda kwa macho yake mapya, mekundu bado. Kisha akamwita Alyaa, akamsimamisha mbele yake, akamrekebisha mabega kwa vidole viwili. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na ndiyo kwanza nilimwona baba yangu akifundisha.

"Utaibeba kwa adabu," akamwambia. "Utatazama mbele, si juu. Ukichoka, sema umechoka. Na ikianguka?"

"Haianguki, babu, mama kasema..."

"Ikianguka, iache. Bendera inafuliwa. Sema."

"Bendera inafuliwa."

"Tena."

Alimsemesha mara saba.

Siku yenyewe iliamka na upepo. Jukwaa la chuma lilikuwa refu kama mtu mzima, bila ya ukingo, na bendera ilikuwa kubwa kuliko ile ya mazoezi ya skuli. Alyaa alipanda vizuri. Alifika katikati, uso mbele, na mimi chini nikasema alhamdulillahi. Upepo ukaipiga mara moja ukaivutia kandoni, na mtoto naye akavutika hatua mbili, tatu, mpaka kwenye ncha. Mguu wake mmoja niliuona umeninginia hewani. Uwanja mzima ukavuta pumzi kwa pamoja.

Akaiachia.

Ilianguka mchangani, chini, mbele ya wageni wote. Alyaa alirudisha mguu, akashuka kwa ngazi, hakukimbia, akaiokota, akaikung'uta vumbi, akapanda nayo tena. Watu wengine walipiga makofi, wengine hawakupiga. Mudira alinijia uso umemwiva, akaniuliza kwa Kiarabu nimemfundisha nini mtoto huyu. Nilimjibu kwamba hakufundishwa na mimi, kafundishwa na babu yake, na kwamba nikirudi darasani nami nitafundisha hivyo. Hakunielewa. Wale wa kubetua midomo nao nadhani walipata la kusema. Siku ile sikuwa na masikio ya kuwasikia.

Nyumbani Alyaa alikwenda moja kwa moja barazani, viatu miguuni.

"Shikamoo babu. Ilianguka. Nikaiwacha."

"Marahaba. Umeumia?"

"La."

Baba alimvuta akampakata, msichana mkubwa vile, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Minda akaja na kahawa, akaketi. Nami nikaketi. Baba akaanza kuita, na safari hii hatukumwombea mtu rehema. Tuliitikia kwa zamu, Minda, mimi, Alyaa. Nipo, maalim. Nipo, maalim. Kwa Hashil bin Khalfan nilicheka kidogo, na baba akanikata jicho kama mwanafunzi mtukutu.

"Mahrous bin Hamed."

Hakuna aliyejibu. Hatukupatana, lakini hakuna aliyejibu. Baba alingoja. Alingoja kama anavyongoja siku zote, uso kwenye mitende, na mkono wake ukawa unatafuta kikombe. Kisha ukakiacha.

"Hayupo," akasema.

Alivuta pumzi. Nikadhani amefika mwisho.

"Makame bin Vuai," akaita, na mimi, ambaye jina hilo sikupata kulisikia maisha yangu yote, nikaitikia.