Mdomo wa Mume Wangu

Mume wangu, Ndihokubwayo, alikuwa mshambuliaji hatari kuliko wote Kibondo, na kama hukujua, angekwambia mwenyewe. Angekwambia sokoni, angekwambia msibani. Mimi Kudra nilimpenda na mdomo wake huo huo, na leo nauchukia.

Mwaka 2013, msako wa wasio na vibali ulipoanza, nilimwekea masharti. Alivushwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, karatasi hana. Mwenyekiti wetu wa kitongoji alikubali kusema ni Mha wa Mabamba, mtoto wa marehemu Pasikali. Kiha na Kirundi vinakaribiana, nani angejua?

"Baba Esteri, mwezi huu wewe cheza, funga, nyamaza," nilimwambia.

"Kunyamaza? Hakuna atakayeniweza," akajibu.

Tulicheza fainali na timu ya Kasulu, akafunga bao dakika za mwisho. Mtangazaji, mjinga yule, akampa kipaza sauti. Sasa, kwao Burundi mwanamume akishinda hujivuna kwa mpango, wenyewe huita kwivuga: hujitaja jina, kisha baba yake, kisha mlima wa kwao. Bila hivyo huonekana anajisifia bao la mwenzake. Nilipiga kelele nikiwa nje ya kamba. Hakunisikia.

"Ni mimi Ndihokubwayo! Mwana wa Nkunzimana wa Gisuru, ng'ambo ile! Beki wenu mwambieni akalime mihogo!"

Uwanja mzima ulishangilia. Maafisa wawili wa uhamiaji waliokuwa jukwaani walipiga makofi pia, halafu wakashuka kumfuata. Nikamtazama mwenyekiti, naye akainamisha kichwa. Angesemaje tena kuwa ni mtoto wa Pasikali? Mashabiki walioimba jina la mume wangu waliliangalia gari likiondoka naye, kisha wakaendelea kubishana kuhusu lile bao. Mungu awalipe.

Jana alipiga simu kutoka Burundi walikomrudisha. Huko Gisuru hakuna anayemjua. Shamba la baba yake wanalilima watu wengine, na wanamwita Mtanzania. Alijaribu kuvuka kurudi, akaanguka kwenye mawe, goti likaharibika. Mpira basi.

"Mama Esteri," akaniambia kwa sauti ndogo nisiyoijua, "hebu nisifu kidogo."

Nikajaribu. Nilianza na jina lake, nikamtaja baba yake, na nilipofika kwenye mlima sikujua nitaje upi, nikashindwa. Nililia, naye akanisikiliza hadi salio lake likaisha.